Kilio cha Zamda

"Hakulia," alisema Mrakibu Godbless, mkuu wa upelelezi wa wilaya, huku akilisukuma jalada upande wa pili wa meza. "Mjomba wake yuko sakafuni, kichwa kimepasuka, na binti hakudondosha hata chozi. Zamda, Levina. Zamda aliyeiliza nchi nzima."

Inspekta Levina Sayi alikuwa amerejea asubuhi hiyo kutoka Urambo kwenye kesi ya wizi wa ng'ombe. Alikuwa na njaa, mgongo ulimuuma kwa mashimo ya barabara, na hakuwa na subira na mtu. Alilifungua jalada akiwa amesimama.

"Anaitwa Asmahani, afande."

"Si ndiye huyo huyo?"

"Zamda ni mtoto wa kwenye tivii. Huyu niliyempita pale mahabusu ni mtu mzima, na jicho lake moja halifunguki. Nani kampiga?"

"Wananchi wenye hasira kali. Sisi tulimwokoa."

Wananchi wenye hasira kali. Levina alikuwa ameyasoma maneno hayo kwenye majalada mengi mpaka akayachoka. Wananchi hao hao ndio waliomlea yule binti kwa macho. Alipokuwa na miaka saba, mjomba wake Adinani alimfanya Zamda, yatima wa mchezo wa tivii ulioitwa Mtoto Zamda, uliopigwa picha hapa hapa Tabora na kuuzwa Dar es Salaam. Kila Jumapili jioni watu walijazana kwenye nyumba zenye tivii, wakalia naye, kisha wakaenda kulala wamefurahi. Mtoto akakua, akaacha kuigiza, akashika gitaa, akaanza kutunga na kuimba nyimbo zake mwenyewe. Hilo hawakumsamehe. Walimtaka abaki na miaka saba, akilia.

Jumamosi jioni alikutwa mlangoni kwa mjomba wake, mtaa wa Kanyenye, akiita msaada. Adinani alikuwa ndani, amepigwa mchi wa kinu kisogoni, amefunikwa shuka jeupe mpaka usoni. Fundi cherehani wa jirani aliandikisha maelezo kwamba tangu alasiri alimsikia binti akilia humo ndani na mjomba wake akimfokea.

"Na wimbo je?" Godbless aliinua simu yake, akabonyeza. Sauti nzito ya kike ikaimba juu ya gitaa moja:

Mjomba, ulimfunika mama shuka jeupe,
ukanituma mimi nikamwamshe.
Leo funua wewe, nami nione,
usipofunua, nitakufunika.

"Nitakufunika," Godbless alirudia. "Halafu mjomba anakutwa kafunikwa. Unataka ushahidi gani tena? Ashuke malaika?"

"Kama kila mtu angefungwa kwa alichoimba, afande, waimbaji wa mapenzi wote wangekuwa gerezani."

"Kesho asubuhi anapanda mahakamani kwa mauaji. Wakubwa wanataka hivyo, na mitandaoni hakukaliki. Na yule mpiga gitaa wake, yule Mrundi wa Ulyankulu, tunamuunganisha."

"Fideli Irakoze ni raia wa nchi hii kama wewe. Na nimepiga simu parokiani kwao nikiwa njiani. Jumamosi alipiga gitaa harusini tangu asubuhi. Padri kamwona, bwana harusi kamwona, na mama aliyepakua chakula anasema alirudi kuongezwa pilau. Mwachie."

Godbless alikuna shingo. Levina alikuwa ameichomoa picha ya maiti na kuisogeza kwenye mwanga wa dirisha. Shuka lilikuwa safi, na mikunjo yake ilionekana wazi, mistari iliyonyooka ya shuka lililotoka kukunjuliwa.

"Hili halikuvutwa kitandani," alisema. "Mtu ameua, halafu akaenda kutafuta shuka safi. Wapi, na kwa nini?"

"Binti alikuwa na muda."

"Mimi pia ninao mpaka kesho asubuhi," alijibu, akaondoka na jalada bila kuomba ruhusa.

* * *

Asmahani aliletwa chumba cha mahojiano amejifunga kanga juu ya gauni lililochanika begani. Levina alikuwa ameagiza chai na chapati, akamsogezea.

"Kula kwanza."

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kula."

Sauti ilikuwa ile ile ya kwenye wimbo, nzito, yenye kukwaruza. Levina alimwacha amalize chapati moja ndipo akafungua jalada.

"Jumamosi alasiri ulikuwa wapi?"

"Njia ya Kipalapala. Natembea. Nikitunga huwa natembea."

"Nani alikuona?"

"Waliokuwa mashambani, labda. Lakini nilijifunika mtandio usoni. Nisipojifunika watu huniomba nilie."

"Wanakuomba nini?"

"Nilie. Kidogo tu, wapige picha. 'Zamda, hebu tulilie kidogo.' Sokoni, stendi, hospitalini. Miaka yote hii, afande."

Levina aliandika neno moja, akalikata. "Kwa mjomba ulifuata nini?"

"Mikanda. Ile ya kazi, ambayo haijakatwa. Ninyi mlionyeshwa kipande. Mimi nilitaka kuona yote."

"Yote yapi?"

Asmahani alikizungusha kikombe mezani. Alieleza bila kupandisha sauti. Walikuwa Kigwa, kwenye nyumba moja nyuma ya stesheni ya reli. Asubuhi hiyo mjomba alimchuchumalia, akamwambia leo siyo mchezo, mama yako amekufa usiku, ingia ndani umuage. Aliingia. Akafunua shuka. Hakuwa yule mama wa kwenye mchezo. Alikuwa Maua, mama yake mzazi, amefumba macho.

"Nililia mpaka nikajikojolea. Jioni mama akatokea mlangoni na maandazi. Nilimkimbia, afande. Wakanishika, wakasema nina malaria, nimeota. Nikakubali. Mtoto atafanya nini? Ila tangu nianze kutunga, kila nikishika gitaa linakuja lile shuka."

"Mama yako anasemaje?"

"Ananiapia kwa Mungu kwamba hajawahi kukanyaga Kigwa. Anasema niache kuchimba homa za utotoni."

"Na mjomba?"

"Alikataa siku zote. Mwaka huu alikwenda hija. Aliporudi akaniita, akasema ana amana yangu. Jumamosi asubuhi nilipita kwake, akaniambia njoo magharibi, kuna kitu utakiona, nitakuachia ukione peke yako."

"Nani mwingine aliyejua?"

"Fideli. Na mama. Nilimpigia simu pale pale. Nilifurahi."

Levina alilifunga jalada. "Kwa nini hukulia, Asmahani?"

"Kwa sababu wote walikuwa wananiangalia."

Swali lilikuwa la Godbless, na Levina aliona aibu kwamba limetoka kinywani mwake. Alimwambia askari wa zamu kwamba mahabusu huyu apelekwe kwa daktari wa macho sasa hivi, na kwamba akirudi akute hajapelekwa, yeye mwenyewe ataandika ripoti kabla ya kuvua kofia.

* * *

Mzee Abdulatifu, fundi cherehani, alikuwa na duka lililoegemea ukuta wa nyumba ya marehemu Adinani. Alimwona Levina akishuka garini, akavua miwani, akamtania.

"Msukuma huyo. Karibu, lakini ng'ombe wako waache nje."

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Mmemfunga au bado?"

"Kesho. Kwa maneno yako wewe. Kwa hiyo nimekuja unisimulie tena."

Mzee alijiweka sawa kitini. Ilionekana kwamba kisa hicho amekwisha kisimulia mara nyingi na kila msimulizi hupenda msikilizaji mpya. "Nilikuwa uani natia udhu, adhana ya alasiri imetoka kulia. Mashine nimezima, mtaa umetulia. Nikamsikia Zamda analia ndani kwa Adinani."

"Ulimwona?"

"Sikumwona. Nilimsikia."

"Ulijuaje ni yeye?"

"We mtoto, ulikulia wapi? Nani hapa Tabora hajui kilio cha Zamda? Nakijua kuliko cha wanangu. 'Mama, amka. Mama, amka.' Vile vile kabisa."

"Halafu?"

"Akanyamaza. Nikamsikia Adinani anasema, 'Bado. Tena.' Kwa ukali. Binti akaanza upya. 'Mama, amka.' Akakatishwa, tena akaanza. Nikasema moyoni, hawa wamegombana sana, lakini ugomvi wa mjomba na mpwa mimi unanihusu nini? Nikaenda kusali."

"Kila mara alianza na maneno yale yale?"

"Yale yale."

Levina alitoa simu, akacheza wimbo, sauti ikajaa dukani. Mzee alisikiliza kwa adabu, kichwa upande.

"Nani huyu? Mwanamume?"

"Huyu ndiye Asmahani. Hii ndiyo sauti yake ya sasa, mzee. Amekuwa nayo hii kwa miaka. Wewe Jumamosi ulisikia sauti gani?"

 Abdulatifu alichukua kipande cha kitambaa mezani, akakirudisha.

"Ya mtoto," alisema hatimaye.

"Ya mtoto. Na Adinani anasema bado, tena, kama mtu anayepiga picha. Ulisikia tivii, mzee. Mkanda wa zamani. Binti hakuwemo humo ndani."

"Mimi nilijua..."

"Ulijua nini? Huyu mtu mmekaa naye mji mmoja miaka ishirini, hakuna hata mmoja aliyewahi kusikiliza anaongeaje. Mmempasua jicho kwa sababu mtoto wa kwenye tivii alilia."

Alijua anamfokea mzee wa watu mbele ya duka lake, mtaa mzima ukisikia, na hakujali. Mzee Abdulatifu aliinamisha kichwa. Hakujitetea, na hilo lilimpunguzia Levina hasira kidogo.

"Mimi nilimshika mkono," alisema mzee polepole. "Wakati wanampiga. Nilimshika ili asikimbie."

"Hilo pia utaliandikisha. Adinani alipata wapi mkanda huo? Mashine ya mikanda hana, haimo kwenye orodha ya vitu vya ndani."

"Alipeleka boksi zima kwa Kulwa, fundi video wa barabara ya stesheni. Alisema anataka aiweke kwenye kidude cha kisasa."

* * *

Kabla ya kwenda kwa Kulwa, Levina alifungua nyumba ya marehemu. Doa la damu lilikuwa limekauka mbele ya tivii. Kitambaa cha kudarizi cha kufunikia tivii kilikuwa kimekunjwa vizuri juu ya kochi, na polisi waliopita humo mwanzo hawakukiona kuwa ni kitu. Aliwasha. Tivii ilibaki kwenye ukurasa wa flashi, ikisema hakuna kilichochomekwa. Kulikuwa na kitu, na mtu amekichomoa.

Aliingia chumbani. Kitanda cha Adinani kilikuwa kimetandikwa shuka la mistari, halijaguswa. Chini ya kitanda, nyuma ya ndoo na viatu, palikuwa na sanduku la bati. Alilivuta. Ndani mlikuwa na mashuka meupe yaliyokunjwa makunjo yale yale ya kwenye picha, juu yake pakiti ya karafuu ya kuzuia wadudu. Mgeni angevuta shuka la kitandani, lililo mbele ya macho. Aliyeua alipiga magoti, akasogeza ndoo, akafungua sanduku, akachagua. Alijua nyumba hii. Na alimwonea marehemu haya ya kumwacha wazi, kama mtu anavyomwonea haya ndugu yake.

Kulwa alikuwa mtu wa makamo mwenye kibanda kilichojaa nyaya. Hakutaka kuulizwa mara mbili.

"Mikanda yenyewe bado ninayo. Hajji Adinani alichukua flashi Ijumaa, mikanda akasema ataifuata. Na nakala imo kwenye kompyuta, huwa sifuti mpaka mteja aseme."

"Uliiangalia?"

"Mwanzo tu. Kisha nikazima sauti nikaiacha ijihamishe. Nina watoto, afande."

"Washa sauti."

Chumba cha udongo, dirisha moja, kitanda, shuka jeupe. Mtoto aliingizwa amevaa gauni la njano. Sauti ya Adinani, bado ya kijana, ilitoka nyuma ya kamera ikimwambia aende, amuage. Mtoto akafunua shuka.

Wakati wa mchezo kurushwa, watu walionyeshwa uso wa mtoto tu. Huku walionekana wote wawili. Mwanamke aliyelala pale alikuwa kijana, mnene kidogo, ana kidoti chini ya mdomo. Levina alikuwa ameiona picha yake asubuhi kwenye maelezo ya ndugu wa marehemu. Maua. Mtoto alimtikisa bega, akamshika mashavu, akaita. Mama hakupepesa.

"Bado," ilisema sauti. "Tena. Mtoeni nje."

Mtoto akabebwa nje akipiga mateke. Na hapo, kamera haijazimwa, maiti ikaketi. Maua alijifunga kanga vizuri, akaomba maji, akanywa, akafuta mdomo. "Hiyo ya sasa haitoshi?" aliuliza. "Analia vizuri au niwe nimefumbua macho kidogo?" Mtu akacheka. Maua akalala tena, akajifunika mwenyewe, na nje mtoto akaambiwa aje amuage mama kabla hajapelekwa kaburini.

Levina aliangalia mpaka mwisho kwa sababu ilikuwa kazi yake. Alipotoka nje alisimama mbele ya kibanda na mikono imekunjwa, akatukana kwa Kisukuma, tusi refu la machungani ambalo hakuwa amelitumia tangu utotoni. Kisha akarudi ndani akachukua boksi la mikanda kama kielelezo, akamwandikisha Kulwa maelezo, akamwambia askari Venansi awashe gari, waende Ng'ambo, kwenye msiba.

* * *

Wanawake walikuwa wamejaa mikekani sebuleni kwa Bi Maua. Marehemu alikuwa amezikwa jana, na dada yake ndiye aliyepokea rambirambi, amejitanda kanga nyeusi, macho mekundu. Jirani mmoja alikuwa akimpepea.

"Kaka kafa, mwana kafungwa," jirani alimwambia Levina kwa kunong'ona. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi, afande. Msimsumbue."

"Poleni na msiba," alisema Levina. "Bi Maua, shikamoo. Naomba tuongee chumbani."

Chumbani palikuwa na kitanda na kiti kimoja. Venansi alisimama mlangoni. Bi Maua aliketi kitandani, Levina akabaki amesimama.

"Katika maelezo yako ulisema Jumamosi hukutoka Ng'ambo."

"Nilikuwa nasuka mkeka. Waulize."

"Na kwa kaka yako ulifika lini mara ya mwisho?"

"Sikukuu ya Idi el-Fitri."

"Nani alikuwa anamfulia?"

"Mimi. Nguo zilikuwa zinaletwa hapa, nikimaliza anakuja mtu kuzichukua."

"Na sanduku la mashuka nani alilipanga?"

Bi Maua alivuta kanga. "Mimi, zamani. Afande, unaniuliza mashuka, mwanangu yuko ndani?"

"Nakuuliza kuhusu mwanao. Aliwahi kukuuliza kama ulikwenda Kigwa, wakati wa kupiga picha?"

"Ile homa yake." Alitikisa kichwa kwa huruma. "Sijawahi kufika Kigwa. Nimemwapia."

Levina alimwita Venansi. Venansi akaliweka boksi sakafuni na kulifungua. Mikanda ilikuwa imepangwa, kila mmoja na karatasi ubavuni yenye mwandiko wa Adinani.

"Nimetoka kuiangalia," alisema Levina. "Kigwa yote."

Bi Maua alilitazama boksi. Uso wake haukuonyesha hofu. Ulionyesha mtu aliyeletewa kitu kisicho chake.

"Siyo hiyo," alisema. "Kilikuwa kile kidude kidogo, cha kuchomeka nyuma ya tivii. Nimekitia jikoni, kimeungua chote."

Nje wanawake walianza kusoma dua. Levina aliingojea dua iishe, kwa heshima ya aliyekufa na kwa ajili ya kujituliza mwenyewe.

"Bi Maua Nassibu, nakuonya kwamba huna lazima ya kusema lolote, na lolote utakalosema linaweza kutumika mahakamani. Kile kidude kilikuwa nakala tu. Asili ndiyo hii. Sasa niambie nani alikuonyesha kidude hicho, kama tangu Idi hukufika kwa kaka yako."

Ndipo Bi Maua alipoelewa. Alipeleka mkono mdomoni, akauacha hapo.

"Nilimsihi," alisema kupitia vidole. "Nilimwambia mtoto amenipigia simu, amefurahi, kumbe unataka kumpa. Akasema amekwisha tubu yeye, na mimi nitubu. Yeye atubu kwa kunivua nguo mimi? Akaiwasha. Akasema tazama, Maua, tazama ulivyolala. Nikasema zima. Akaacha inaendelea. Mtoto anaita, anaita. Nilikwenda barazani nikachukua mchi nivunje hiyo tivii. Wallahi nilitaka tivii."

"Lakini hukuivunja tivii."

"Alisimama mbele yake. Akanigeuzia mgongo anaicheka, au analia, sijui."

"Ukamfunika."

"Ni kaka yangu. Ningemwachaje wazi?"

Levina alisogea mpaka magoti yake yakagusa kitanda. "Mwanao amepigwa barabarani. Amelala sakafuni siku mbili. Kesho anasomewa shitaka ambalo hukumu yake ni kunyongwa. Umekaa hapa unapepewa. Ulikuwa unangoja nini?"

Bi Maua alimtazama kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeulizwa jambo ambalo kila mtu analijua.

"Nilijua watamwachia," alisema. "Mtu gani atamfunga Zamda? Nchi nzima inampenda. Mimi Maua nani angenililia?"

 Wauaji wengi walikuwa wamemdanganya Levina, na uongo aliuzoea. Huyu alikuwa anasema kweli yake. Alitoa pingu mwenyewe, hakumpa Venansi kazi hiyo, akamfunga Bi Maua na kumpitisha sebuleni katikati ya mikeka, mbele ya wote waliokuja kumpa pole. Jirani aliyekuwa akipepea alibaki na upepeo mkononi.

* * *

Godbless alisoma maelezo mapya kimya, ukurasa kwa ukurasa. Alipomaliza alivua miwani.

"Wakubwa nitawaambia nini?"

"Waambie hakulia kwa sababu hakuua."

"Levina."

"Nikiandika mimi ripoti, afande, nitaandika na waliompiga. Majina ninayo. Fundi cherehani ameyataja yote, na la kwake la kwanza."

Godbless alitia saini ya kumwachia.

Ilipaswa kuwa jambo jepesi. Mmoja anatoka, mwingine anaingia, na mlango wa mahabusu ni huo huo mmoja. Levina aliagiza wapishanishwe, wasionane, lakini askari wa zamu alikuwa na haraka ya kwenda nyumbani, na Levina alipofika kaunta aliwakuta wamesimama pande mbili za meza, Asmahani na bendeji jichoni akipewa viatu vyake na simu, Bi Maua akivuliwa bangili na hereni.

"Amekwisha ambiwa kuhusu mama yake?" Levina alimuuliza askari.

"Nimeambiwa," alijibu Asmahani.

Alikuwa na boksi la mikanda mbele yake kaunta, limefungwa kwa lakiri ya kielelezo. Levina alikuwa amemweleza mapema, kwa simu ya kaunta, maneno machache ya lazima tu: kwamba hakuota, kwamba mikanda itabaki polisi mpaka kesi iishe, kwamba akitaka kuiangalia ataangalia hapa, mlango ukifungwa, hakuna atakayeingia. Hakuwa na namna nzuri ya kuyasema, akayasema hivyo hivyo.

Bi Maua alimwona bintiye, akaanza kulia. Alilia kwa sauti, akajipiga kifua kwa mikono iliyofungwa pamoja, kanga ikamdondoka begani. Askari wawili wakatoka ofisini kuangalia. Mzee mmoja aliyekuja kuripoti baiskeli iliyoibwa akasimama kutoka kwenye benchi. Dirishani, wale waliokuwa wamengoja nje tangu asubuhi wapate kumwona Zamda, walisukumana, na simu zao zikainuliwa.

"Fungeni hilo dirisha," alisema Levina. Hakuna aliyefunga. Alikwenda akalifunga mwenyewe, kwa kishindo, na kioo kimoja kikapata ufa.

Asmahani alikuwa amevaa kiatu kimoja. Alimngoja mama yake avute pumzi.

"Unamlilia nani, mama?"

Bi Maua alimtazama. Midomo ilicheza, akatafuta, akamtazama Levina kana kwamba angesaidiwa. Kilio kilikuwa kimekatika. Hakupata jina.

Asmahani alivaa kiatu cha pili, akasaini kitabu, akauliza kama kuna mlango wa nyuma. Levina alimpeleka.